Simu ya ofisi ndani ya tarakilishi: Kosa la kitufe kimoja laweza kuharibu kazi

MTEJA apiga simu katika ofisi moja jijini Nairobi kuulizia malipo yake ambayo yamechelewa kwa wiki kadhaa. Karani anayempokea amwomba asubiri kidogo, abofya kitufe kwenye skrini ya tarakilishi, kisha amgeukia mwenzake na kunung'unika: "Huyu mzee hachoki kusumbua." Mara sauti yatoka upande wa pili wa laini: "Binti yangu, nimekusikia."

Huo ni mfano tu, lakini ni wa jambo linaloweza kumfika yeyote katika ofisi ambazo simu ya mezani imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na programu iliyo ndani ya tarakilishi. Karani katika mfano huu alibofya kitufe kinachofaa. Kosa lake ni kwamba alikibofya mara mbili, kwa mazoea ya kufungua faili. Mbofyo wa kwanza ulimweka mteja katika hali ya kusubiri. Wa pili ukamrejesha hewani.

Simu ya zamani haikuwa na mtego wa aina hiyo. Mkonga ulipokuwa sikioni, laini ilikuwa wazi. Uliporejeshwa mahali pake, laini ilikatika. Aliyetaka kumnong'onezea mwenzake aliziba kinywa cha mkonga kwa kiganja. Katika simu ya tarakilishi, mambo hayo yote yamegeuzwa kuwa picha ndogondogo kwenye skrini, nyingi zikiwa na maandishi ya Kiingereza na nyingine zisiwe na maandishi kabisa. Asiyezielewa huishia kukisia, na kukisia mbele ya mteja ni hatari.

Teknolojia ya kupitisha sauti kwenye intaneti si ngeni nchini. Hadi mwaka wa 2004, kampuni ya Telkom Kenya ilikuwa na haki ya kipekee ya kuendesha baadhi ya huduma kuu za simu, zikiwemo za kimataifa. Haki hiyo ilipomalizika, milango ilianza kufunguliwa kwa kampuni nyingine na kwa njia nyingine za kupiga simu. Nyaya za TEAMS na Seacom zilizofika Mombasa kupitia baharini mwaka wa 2009 zikaleta intaneti ya kasi zaidi. Na ugonjwa wa Covid-19 ulipobisha hodi mnamo Machi 2020, wafanyakazi wengi waliotumwa nyumbani walilazimika kupokea simu za ofisi kwenye tarakilishi zao. Wengi hawakufundishwa, walijifunza kwa kukosea.

Maswali matatu

Ingawa programu hizi ni nyingi na kila moja ina sura yake, karibu kila kitufe hubadilisha moja kati ya mambo matatu: ni nani anayemsikia mtumiaji, ni nani anayesikika kwa mtumiaji, na ni nani anayeimiliki laini wakati huo. Anayejiuliza maswali hayo kabla ya kubofya hupotea mara chache, hata anapohamia programu asiyoijua.

Kuna mambo mengine mawili ya kukumbuka. Kwanza, mbofyo mmoja hutosha. Vitufe vya simu si kama faili au folda. Pili, vingi vya vitufe hivyo ni vya kuwasha na kuzima kwa pahali pamoja. Kitufe kilekile kinachofunga maikrofoni ndicho kinachoifungua. Kwa hivyo kubofya pekee hakutoshi. Lazima mtumiaji aangalie kama rangi au picha imebadilika ndipo aanze kusema asichotaka kisikike.

Kabla ya simu kulia

Matatizo mengi huanza hata kabla ya simu kupigwa. Tarakilishi moja inaweza kuwa na maikrofoni mbili au tatu: iliyojengwa ndani yake, iliyo kwenye kamera, na ile ya visikizi vinavyovaliwa kichwani. Programu haijui mtumiaji anataka ipi. Akichomeka visikizi wakati programu bado inatumia maikrofoni ya ndani, sauti yake itasikika kwa mbali, ikichanganyika na kelele za chumba kizima.

Dawa ni kufungua sehemu ya mipangilio, aghalabu yenye alama ya gurudumu la meno, na kuchagua kifaa cha kila kazi. Huko kuna nafasi tatu: kifaa cha kusemea, cha kusikilizia na cha mlio. Hii ya tatu hupuuzwa na wengi. Mlio ukielekezwa kwenye visikizi vilivyolala mezani, simu italia na hakuna atakayeisikia. Ni afadhali mlio utoke kwenye spika za tarakilishi nayo mazungumzo yapite kwenye visikizi.

Visikizi vina faida nyingine. Sauti ya mteja ikitoka kwenye spika, maikrofoni huweza kuinasa na kumrudishia, naye akajisikia akisema mara mbili kama aliye pangoni. Isitoshe, maneno ya mteja kuhusu deni, ugonjwa au kesi yake husikika na kila aliye chumbani.

Aidha, ni muhimu kujua tofauti ya kufunga dirisha na kuondoka kwenye programu. Katika programu nyingi, alama ya X huficha dirisha tu na simu zitaendelea kuingia. Kuondoka kabisa, au kuiacha tarakilishi ilale usingizi, huifanya ofisi ionekane haina mtu. Rangi iliyo kando ya jina la mtumiaji huwaeleza wenzake hali yake: kwa kawaida kijani ina maana kwamba yupo, nyekundu kwamba ana shughuli, na manjano kwamba ameondoka kwa muda.

Kuziba maikrofoni na kusubirisha

Hapa ndipo palipo na mkanganyo mkubwa zaidi. Kitufe cha "Mute", chenye picha ya maikrofoni iliyokatwa kwa mstari, huzuia sauti ya mtumiaji isimfikie mteja. Lakini mtumiaji huendelea kumsikia mteja. Hiki ndicho cha kutumia mtu anapotaka kukohoa, au gari linapopiga honi dirishani.

Kitufe cha "Hold", chenye alama ya vijistari viwili vilivyosimama, hukata sauti pande zote mbili bila kukata simu. Mteja hasikii ofisi na ofisi haimsikii. Mara nyingi huchezewa muziki ili ajue kwamba hajaachwa. Hiki ndicho cha kutumia karani anapoinuka kutafuta faili au kumuuliza mkubwa wake jambo.

Kuvichanganya viwili hivi kuna gharama. Anayeziba maikrofoni kwa dakika tano humwacha mteja katika kimya kizito, na wengi hudhani simu imekatika wakaikata wenyewe. Anayesubirisha alipotaka tu kukohoa humkatiza mteja katikati ya sentensi na kumrushia muziki. Hali huwa mbaya zaidi katika mkutano wa simu wa watu wengi: mmoja akibofya "Hold" ili apokee simu nyingine, muziki wa ofisi yake waweza kuwavamia wote waliosalia, nao wakashindwa kuendelea hadi arudi. Katika mkutano, kitufe salama ni cha kuziba maikrofoni.

Kuna jambo jingine linalowatatiza wengi. Maikrofoni yaweza kuzibwa mahali zaidi ya pamoja: ndani ya programu, kwenye swichi iliyo katika waya wa visikizi, na kwenye mipangilio ya tarakilishi yenyewe. Si kila mara sehemu hizi huwasiliana. Ndiyo maana mtu huona maikrofoni iko wazi kwenye skrini ilhali hakuna anayemsikia. Afanyalo mwerevu ni kuchagua mahali pamoja pa kuzibia na kushikilia hapo hapo siku zote. Anayetumia Microsoft Teams, kwa mfano, anaweza kuziba na kuzibua kwa kubonyeza Ctrl, Shift na M kwa pamoja, bila kukitafuta kitufe kwa kipanya.

Kuhamisha simu

Iwapo kuna kitufe kinachoiponza ofisi, basi ni kile cha kuhamisha simu, kinachoandikwa "Transfer". Mteja aliyezungushwa kutoka meza hadi meza, akisimulia shida yake upya kila mara, hatimaye hujikuta amekatiwa. Mara nyingi chanzo si ukatili, ni kutojua kwamba kuna njia mbili za kuhamisha.

Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja. Mtumiaji hubofya "Transfer", huchagua jina au nambari ya ndani ya mwenzake, na simu huondoka. Laini si yake tena. Kama mwenzake yuko mkutanini au ameenda kula chamcha, mteja atasikia mlio mtupu au kuangukia kwenye sanduku la ujumbe wa sauti. Baadhi ya mitambo hurudisha simu kwa aliyeihamisha baada ya muda; mingine hairudishi.

Njia ya pili ni ya mashauriano. Mtumiaji huchagua kuzungumza kwanza na mwenzake, na wakati huo mteja huwekwa katika hali ya kusubiri. Humweleza mwenzake: "Nina mzee kutoka Kitale, anaulizia malipo ya Machi, tayari nimethibitisha nambari ya faili yake." Mwenzake akikubali, mtumiaji hubofya tena ili kukamilisha, naye hujiondoa. Akikataa au asipokuwepo, mtumiaji humrudia mteja na kumweleza hali ilivyo. Njia hii huchukua nusu dakika zaidi, lakini mteja hasimulii hadithi yake mara mbili.

Hatari ya njia ya pili iko katika hatua ya mwisho. Katika baadhi ya programu, mtumiaji akibofya kitufe chekundu kabla ya kukamilisha, huwa amekata mazungumzo na mwenzake tu, na mteja angali anasubiri. Katika mingine ya mitambo, kitendo hicho hicho ndicho kinachokamilisha uhamisho. Na kipo kitendo cha kuwaaibisha wote: kudhani kwamba anayezungumza naye ni mwenzake, kumbe bado ni mteja. Kabla ya kufungua kinywa, mtumiaji hana budi kusoma kwenye skrini ni jina au nambari gani inayoonyeshwa kuwa hai.

Kwa jumla, njia ya moja kwa moja hufaa pale simu inapopelekwa mahali penye watu daima, kama vile dawati la huduma kwa wateja. Inapopelekwa kwa mtu mmoja mahususi, mashauriano ni bora. Haraka haraka haina baraka.

Ofisi nyingine zina kitufe cha kuegesha simu, kiitwacho "Park". Simu huwekwa kwenye nambari fulani ya maegesho, na yeyote ofisini anaweza kuichukua kutoka hapo kwa kupiga nambari hiyo. Hufaa wakati anayetakikana yuko katika jengo lakini hayuko mezani pake. Tofauti na kusubirisha, ambako ni kawaida aliyesubirisha ndiye arudi, simu iliyoegeshwa haina mwenyewe hadi ichukuliwe. Anayeegesha na kusahau kumtangazia mwenzake huwa amemtelekeza mteja.

Simu ya pili inapoingia

Mtumiaji akiwa kwenye mazungumzo, simu nyingine yaweza kuingia na dirisha dogo likajitokeza likiwa na vitufe viwili au vitatu. Mara nyingi kimoja humsubirisha wa kwanza na kumpokea wa pili, kingine humkata wa kwanza, na cha tatu hukataa simu inayoingia. Kwa vile dirisha hilo hujitokeza ghafla, wengi hubofya kilicho karibu na kipanya. Ni heri kuiacha ilie kwa sekunde tatu ili isomwe vizuri kuliko kumkata mtu aliyengoja foleni kwa dakika ishirini.

Nambari ndani ya mazungumzo

Jambo jingine linalowashinda wengi ni kubonyeza nambari baada ya simu kupokelewa. Mtu apiga simu benki, mtambo wamwambia abonyeze 1 kwa Kiingereza au 2 kwa Kiswahili, naye aandika 2 pale alipoandikia nambari ya kwanza. Hakuna kinachotokea, kwa sababu programu inadhani anataka kuanza kutafuta jina au kupiga simu mpya.

Katika programu nyingi, kinachotakiwa ni kufungua kwanza picha ya vitufe vya nambari, yenye vidoa vilivyopangwa kwa safu, ndani ya dirisha la mazungumzo yenyewe. Mfumo wa vitufe hivi una historia ndefu. Kampuni ya Bell ya Marekani iliuanzisha kwa wateja mnamo Novemba 1963, na alama za nyota na reli zikaongezwa mwaka wa 1968. Kila kitufe hutoa milio miwili kwa pamoja, na kwa kuitambua milio hiyo mtambo wa upande wa pili hujua ni nambari gani iliyobonyezwa. Katika simu za intaneti, aghalabu nambari hiyo hutumwa kama data badala ya sauti, ili isiharibike njiani.

Kurekodi na sheria

Kitufe cha kurekodi, chenye duara jekundu, hakipaswi kuguswa kiholela. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka wa 2010 humhakikishia kila mtu faragha, ikiwemo ya mawasiliano yake. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 humtaka anayekusanya habari za mtu amjulishe kwamba zinakusanywa na kwa madhumuni gani. Sauti ya mteja anayetaja jina lake, nambari ya kitambulisho na hali ya afya yake ni habari za kibinafsi. Ofisi inayorekodi haina budi kumweleza mapema, na karani ajue rekodi huhifadhiwa wapi na ni nani anayeweza kuisikiliza.

Kadhalika, vitufe vya kuelekeza simu kwingine na vya kuzuia usumbufu vinahitaji kumbukumbu njema. Anayeelekeza simu za ofisi kwenye rununu yake anapokwenda likizoni, kisha akasahau kuondoa agizo hilo anaporudi, atashangaa kwa nini simu ya mezani pake imenyamaza. Anayewasha hali ya "Do Not Disturb" wakati wa mkutano wa asubuhi huenda akawa bado hajapatikana jioni. Kuiangalia alama ya hali kila asubuhi na kila baada ya chamcha hutosha.

Si kila tatizo ni kitufe

Wakati mwingine mtumiaji hubofya ipasavyo na bado sauti ikakatikakatika. Hii ni kwa sababu sauti yake hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida 50 kwa kila sekunde, na kutumwa kwenye mtandao mmoja na faili, video na barua pepe za ofisi nzima. Vipande vikichelewa au vikipotea, maneno humezwa. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, hupendekeza sauti ifike upande wa pili kabla ya milisekunde 150. Ikizidi sana hapo, wazungumzaji huanza kukatizana. Kusitisha upakuaji wa faili kubwa, au kutumia waya badala ya Wi-Fi, mara nyingi huleta nafuu.

Muhimu zaidi ni umeme. Simu ya zamani ya waya ilipata nguvu zake kutoka kwenye kituo cha simu, hivyo iliendelea kufanya kazi hata stima ilipopotea. Simu ya tarakilishi hunyamaza pindi kifaa cha intaneti kinapozimika, hata kama tarakilishi ina betri. Zaidi ya hayo, programu inaweza kutumiwa mahali popote, hivyo huenda wahudumu wa dharura wasijue simu inatoka wapi. Anayepiga 999 au 112 anapaswa kutaja mtaa, jengo na orofa waziwazi. Kila ofisi iwe na rununu yenye chaji kwa ajili ya siku kama hiyo.

Mazoezi ya nusu saa

Waajiri wengi hununua mitambo hii kwa pesa nyingi na kuiacha mikononi mwa karani siku hiyo hiyo. Lakini mafunzo yake hayahitaji semina ya hotelini. Wafanyakazi watatu na tarakilishi tatu hutosha. Mmoja awe mteja, wa pili mpokeaji, wa tatu mkubwa wa idara. Mpokeaji azibe maikrofoni na mteja athibitishe kwamba hasikii kitu. Amsubirishe na kumrejesha. Amhamishe kwa njia zote mbili, kisha akate kwa makusudi kabla ya kukamilisha, ili ofisi nzima ijue mtambo wake hufanya nini wakati huo. Mwishowe wabadilishane nafasi, kwani aliyewahi kuachwa kimya kwenye laini huwa mwepesi wa kumkumbuka mteja.

Kadi ndogo iliyobandikwa kando ya skrini, ikieleza kwa Kiswahili kazi ya kila kitufe, itamsaidia pia mfanyakazi mpya au mwanafunzi wa mafunzo ya nyanjani anayeshika zamu kwa siku moja.

Mteja aliye upande wa pili haioni skrini. Haoni kwamba karani anatafuta kitufe, wala hajui kwamba programu ilibadilishwa juma lililopita. Anachopata ni kimya, muziki, au maneno ambayo hakukusudiwa kuyasikia. Kwa mzee anayefuatilia malipo yake kwa kutumia salio la mwisho lililo kwenye simu yake, hiyo ndiyo huduma ya ofisi nzima.